Bi. Edina, Aliyemwomba Daktari Bei ya Mwisho

Tarehe 30 Aprili Bi. Edina Elisante anastaafu, baada ya miaka kumi na tisa ya kupokea, kupima na kufunga mizigo yetu ghalani hapa Guangzhou, China. Makontena aliyoyapeleka bandari ya Nansha hayana idadi. Watu aliowafokea wana idadi: sisi sote.

Alikuja kununua nguo soko la Shahe, akaona mizigo yake inavyofungwa ovyo, akaingia ghalani kutufundisha. Hakutoka tena. Kanuni yake ni moja: robota halifunguliwi mpaka mwenyewe awepo, na mwenyewe ndiye mwenye kauli. Aliwahi kumtimua meneja wetu ghalani kwa kosa la kuchungulia katoni ya mteja. Meneja aliomba radhi.

Kichina chake ni cha sokoni. Anajua bei, rangi, saizi, na "meiyou", ile "hakuna" ya wauzaji, ambayo akijibiwa hukunja uso mpaka bidhaa ionekane. Hakuna aliyetarajia Kichina hicho kifike hospitali.

Miaka mitatu iliyopita simu zetu zilijaa video za nchi kadhaa za Ulaya kubana dawa za kuzuia balehe kwa vijana, hasa wanaosema jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa siyo yao. Mwenyekiti wa umoja wetu wa wafanyabiashara, Bw. Jovin, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa mtaalamu wa taa za sola, akaitisha kikao cha dharura. Alitaka mkalimani wa umoja asimsindikize tena mwanachama yeyote kwa habari ya dawa hizo. Makofi yakapigwa. Mwanachama mwenye habari hiyo alikuwa mmoja tu: Hasna wa Zanzibar. Binti yake wa miaka saba alishaanza kuota matiti, na daktari alikuwa amemwandikia sindano za dawa hizohizo, kila mwezi, ili mwili usubiri umri wake.

Bi. Edina akasimama, akauliza nani mwingine ana mtoto ndani ya kontena hilo. Kuhusu vijana wa Ulaya alisema yeye hawafahamu, ila nao wana wazazi na madaktari, na yeye hakuona wauza jinzi wa Shahe wamesomea udaktari lini. Jovin akajibu kwamba jambo ni jepesi: binti anasoma na Wachina, anaongea kama wao, basi amtafsirie mama yake mwenyewe. Hapo Bi. Edina alikasirika kwelikweli. Mtoto wa miaka saba, alisema, hatumwi kumpelekea mama yake habari za mwili wake ambazo hata watu wazima zinawatoa jasho. Kura zikapigwa, akashindwa vibaya. Kesho yake akaomba ruhusa kazini, akaenda hospitali na Hasna.

Huko alimwita daktari "laoban", yaani bosi, kama anavyomwita kila muuza soksi. Akauliza bei ya mwisho. Akauliza kama wakichukua za mwaka mzima kuna punguzo, na kama sampuli zipo. Hasna anasema binti yake, aliyechekwa na wenzake darasani mpaka akaacha kuongea, aliangua kicheko akateleza kwenye kiti. Daktari naye alicheka, kisha akachora, akaandika, akarudia polepole mpaka wote wakaelewa. Tangu hapo Bi. Edina amekwenda kila mwezi, na kila mwezi ameomba punguzo. Hajapata hata senti.

Jumamosi tutamuaga kwa pilau. Bw. Jovin atakabidhi zawadi, na ameombwa asihutubie.

Tiketi ya kurudi Moshi tulimkatia ya tarehe 2 Mei. Ameibadilisha kwa hela yake bila kutuuliza. Sindano ya mwisho ni tarehe 20 Mei, na binti, ambaye sasa ana miaka kumi na Kichina cha kutosha kutuuza sote, amesema hataki mkalimani mwingine.

Bi. Edina, asante kwa mizigo yote uliyotufungia, na kwa ule mmoja uliokataa mtoto aubebe. Maisha yawe mema kwako, mama yetu, na asubuhi ulale mpaka jua lipande. Ila tarehe 20, tafadhali, muulize tena bei ya mwisho.