Mama Pilika na Udongo Ulio Hai

Marehemu, ambaye wengi walimwita Mama Pilika, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba alitambaa kuelekea mlangoni kabla hajajua kukaa. Na kukaa kwenyewe hakukujua hadi uzeeni. Chai aliinywa amesimama, na hata ugomvi aliupokea amesimama.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, sekondari akaenda bweni, akahitimu chuo cha kilimo mwaka 1981. Walimu walimsifu kwa akili na kumlalamikia kwa kutotulia. Mwaka huohuo aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa mimea, akafanya kazi hapo hadi alipostaafu mwaka 2018.

Ni huko ambako haraka yake ilimponza. Alikabidhiwa vitalu vya kupandwa mimea ya aina nyingi pamoja, naye kwa kuogopa magonjwa akachemsha udongo kwenye mapipa ili uwe safi. Ukawa safi kweli. Kabla msimu haujaisha, nyasi za aina moja zilikuwa zimeimeza mimea mingine yote. Mkuu wa kituo alimfokea mbele za watu. Lakini vitalu vichache ambavyo hakuwahi kuvichemshia udongo vilikuwa vimestawi kwa mchanganyiko wake, na jambo hilo likamnyima usingizi. Alirudia jaribio kwa makusudi, mwaka baada ya mwaka, hadi akaridhika: katika udongo ulio hai, vijidudu visivyoonekana kwa macho hujazana kwenye mizizi ya mmea uliozidi wingi na kuudhoofisha, mimea mingine ikapata pa kuota, na vijidudu vingine huilisha mimea iliyo minyonge.

"Mwenye nguvu ana wa kumrudi," aliwaambia wanafunzi wake. "Na hao wa kumrudi ndio mimi niliowapika."

Mwaka 1984 aliolewa na fundi mwashi aliyeletwa kituoni kujenga meza za miche. Walijaliwa watoto watatu, na walipishana kwa jambo moja tu: baba alitaka ua usakafiwe, mama alitaka ubaki udongo. Mpaka leo nusu ya ua ni saruji, nusu ni kichaka, na kila mmoja alidai ameshinda.

Maradhi ya moyo yalimwanza mwaka 2022. Daktari aliagiza alale. Akakigeuza kitanda kuwa rafu ya vitabu. Mwaka huu miguu ilipomgomea kabisa, alimwita mumewe. Mzee huyu ndiye aliyewajengea makaburi wazazi wake, wakwe zake na mdogo wake, kwa matofali na saruji kutoka chini hadi juu. Hiyo ndiyo njia anayoijua ya kuaga. Mama akamwambia kaburi lake lisijengewe.

"Usinizibe, baba watoto."

"Mvua itakuingia."

"Iingie. Hao vijidudu nimewasumbua maisha yangu yote. Na wao wapate zamu yao."

Mzee alitoka nje. Mama Pilika aliaga dunia hospitalini, alfajiri ya Jumapili tarehe 8 Juni 2025. Mumewe alikuwa amemshika mkono, na jibu alikuwa bado hajalitoa.

Tangu siku hiyo hajatulia. Aliagiza matofali, akayarudisha, akayaagiza tena. Kijana wake mkubwa alisema baba aachwe afanye kazi yake. Binti wa mwisho alisema neno la marehemu haliguswi. Jana mchana mzee alishuka kaburini na timazi yake, akapima kuta, kisha akakaa humo hadi watu wakaingiwa na hofu. Alipopanda alikuwa analia, wala hakuyaficha machozi.

"Rudisheni matofali," alisema. "Nilikuwa najijengea mimi."

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, dada zake wawili, na wanafunzi ambao hadi leo wanaogopa kukaa mbele yake.

Kwa vijana mtakaoshika makoleo, mzee ana ombi, naye ndiye aliyeshindilia makaburi yote ya ukoo huu: mkishafukia, msishindilie.

Mama Pilika, pumzika kwa amani, kama utaweza.