Miche ya Limau

Kwanza niliona vile mama mmoja kwenye matatu alivyofunika miche yake kwa leso, kama mtoto. Dalali wa machungwa aliyekaa kando yake akacheka. "Mwaitu, mama yangu, ugonjwa umemaliza michungwa yako, sasa unapanda malimau?"

"Aka! Limau ni ya mizizi tu, kijana. Nitaunganisha kijiti cha mchungwa juu yake."

"Ungoje miaka minne? Watu wa juisi watakuwa wamekusahau."

"Wacha wanisahau. Nitawakumbusha na magunia. Shida ni moja, fundi wetu wa kuunganisha alihama."

Gari lilisimama Mitaboni, mama akashuka na miche yake.

Mama, ukisoma haya, mimi najua kuunganisha. Baba alinifundisha, na kisu chake ninacho.