Ukanda wa Nepia

Njooni karibu, wanangu Mwai na Gathoni, maana sauti imenibakia kidogo na sitaki kuimaliza kwa dibaji. Zimeni televisheni. Miaka thelathini nimefundisha jiografia, nikichora ubaoni jinsi mji unavyofura na kumeza mashamba yaliyouzunguka, na bado mji ulipofika hapa kwangu sikuutambua, kwa sababu ulikuja kwa adabu: kwanza fundi kutoka Kiganjo akitaka kijisehemu cha kujenga, kisha karani wa benki, kisha watu wenye lango na mbwa, ambao walikiita kitongoji chetu Mandhari ya Mlima, ilhali ghorofa zao ndizo zilizouziba mlima.

Kila mmoja alitaka kupakana na lami, nami nikawakatia. Ploti ya mwisho nilipoikata nikang'oa matoka, yale maua ya mpaka ambayo baba yenu hangethubutu kuyagusa, nikauza pamoja nayo njia ya mkokoteni wa maziwa. Nilidhani njia ni ardhi inayokaa bure.

Mnamkumbuka Kagure, mpangaji wetu. Uchungu wa kuzaa ulipomshika na damu ikakataa kukoma, ambulensi ilisimama kule lamini ikipiga king'ora, na sisi tukambeba juu ya mlango tulioung'oa, tukipita kiupandeupande kwenye mfereji ulio kati ya kuta mbili. Akaniuliza, kama mjukuu kwa nyanya yake, "Cucu, tumefika?" Nikamwambia tumekaribia. Hatukuwa tumekaribia. Alikata roho kabla ya lami, watu wakalaumu hospitali, nami nikanyamaza.

Sasa umebaki ukanda wa nepia, nyasi ndefu za kulishia ng'ombe wangu, zilizosongamana hata siku ile hatukuweza kupita humo, kutoka mlangoni hadi barabarani, na jana nilimsikia Mwai akimwambia mnunuzi, "Hiyo nyasi inakaa bure tu, ati mami anangoja nini?" Naogopa, mwanangu. Si kufa. Naogopa moto katika zile nyumba za nyuma, naogopa mwanamke mwingine juu ya mlango, na mkeo Nyawira ana mimba ya miezi saba.

Msiuze. Fyekeni nepia upana wa magari mawili, mleteni mpima ardhi, iandikwe barabara ya umma, jina langu lisiwepo. Pandeni matoka pande zote mbili. Ng'ombe nimempa Gathoni. Atajua pa kumlishia.

Maji... kidogo tu. Asante, Gathoni.

Mungu awape pumzi ndefu kuliko hii yangu, na majirani mnaoweza kuwafikia. Nikinyamaza, msiharakishe jeneza. Fungueni njia... mimi nitangoja.

Nyawira apite kwanza.