Usikure Kira Mahari

Benchi lenyewe ni mbao mbili alizozipigilia Kagwe seremala mbele ya duka langu la kushona, hapa Kitale, ukishuka kutoka stesheni. Pasi yangu ni ya makaa, kwa hiyo jiko haliwaki kwa ajili ya nguo peke yake: birika la kahawa hukaa juu yake mchana kutwa. Kahawa hiyo hutoka kwa ndugu wa mwenzetu Walubengo, huko juu Elgon, hukaangwa nyumbani na kutwangwa kwa kinu. Tunainywa chungu, na kila mtu hung'ata kipande cha sukari guru kutoka kwenye kopo linalokaa katikati yetu. Mwaka huo ulikuwa 1951. Kagwe tulimwita Wakili kwa ajili ya ubishi wake, ingawa mahakamani aliwahi kuingia mara moja tu, kutengeneza mlango. Cheruiyot tulimwita Bama, maana alipelekwa vitani huko Burma, mwili ukarudi na maneno yakabaki. Walubengo alikuwa Mizani, mpima magunia ya mahindi kwenye ghala. Mimi waliniita Fundi.

Alhamisi hiyo Mizani alifika akichechemea, mguu mmoja kiatu, mguu mwingine ndara ya mpira wa gari, kwa sababu kidole kilikuwa na kidonda kisichotaka kupona. Mimi ni fundi wake, najua mambo yake kwa futi ya kupimia. Mwaka uliopita niliipanua suruali yake. Sasa nimeikaza na bado inamtoka. Kesho kutwa, Jumamosi, sisi wanne tulikuwa twende Malakisi kupeleka mahari ya mwanawe Jairus kwa akina Nakhungu, kwao msichana, na suruali yangu mwenyewe ya safari nilikuwa nimeshaisogezea kifungo, kuacha nafasi ya kuku. Siku iliyotangulia Mizani alikuwa ameenda hospitali.

BAMA: Kaa, Mizani. Daktari amesema nini?

MIZANI: Ati ni ugonjwa wa sukari. Sukari imejaa kwa damu. Nikikula ovyo ovyo, hii mguu itakatwa.

Hakuna aliyecheka. Nilimmiminia kahawa, akaipokea, na mkono wake ukapita juu ya kopo la sukari guru bila kutua. Wakili akachukua kipande chake na cha Mizani pia.

WAKILI: Pole sana, bana. Na amesema ukule nini?

MIZANI: Hapo ndio shida. Daktari aliongea Kizungu, akaongea, akaongea. Halafu dresa, yule wa kufunga vidonda, akanigeukia, akasema maneno matatu. "Usikure kira mahari."

BAMA: Ati?

MIZANI: Usikure kira mahari.

Hapa lazima nieleze. Mizani ni Mbukusu kama mimi, na dresa yule ni Mbukusu, na kwetu l na r hubadilishana viti bila kuombana ruhusa. Mengine wanayosema nayaandika yakiwa yamenyooka ili tusichoke. Neno hili moja nimeliacha lilivyotoka.

WAKILI: Ngoja. Ni mahari gani? Mahari ya ng'ombe ama mahari pa kukaa?

MIZANI: Si nimesema? Mahari!

WAKILI: Ndiyo hiyo nauliza. Mahari ama mahari?

BAMA: Nyinyi wawili hamuwezi kumaliza hii kesi. Wakili ni Kikuyu, hana l, huyu Mizani iko nayo na hajui pa kuiweka. Sikieni mimi. Kuna ma-ha-LI, na kuna ma-ha-RI. Dresa alisema gani?

MIZANI: Alisema vile mimi nasema.

FUNDI: Si umrudie umuulize?

MIZANI: Ameenda likizo jana hiyo hiyo, na lori ya jioni. Daktari naye ananiona Jumatatu.

BAMA: Na sisi tunaenda Jumamosi.

MIZANI: Sisi tunaenda Jumamosi.

Tukanywa kahawa kidogo, kila mtu akilipindua neno kichwani mwake. Wakili ndiye aliyeanza, kama kawaida.

WAKILI: Hii kitu ni rahisi. Tuseme alisema mahari ya ng'ombe. "Kila mahari." Kila! Mizani, mwaka huu uko na mahari ngapi?

MIZANI: Si hii ya Jairus tu.

WAKILI: Basi moja sio kila. Hajakukataza. Kula.

BAMA: Wapi! Hiyo ni amri ya mahali. Huko Bama ofisa alituambia, msipige bunduki kila mahali. Tukafanya nini? Tukapiga mahali moja. Mizani, chagua mahali moja ya kukula. Chagua Malakisi. Kutoka sasa mpaka Jumamosi usiguse kitu. Ukifika huko, piga yote.

MIZANI: Nikikaa na njaa naanguka. Juzi nimeanguka kwa ghala na gunia imening'inia kwa mizani.

BAMA: Mimi kesho sikuli kitu, na mimi sina hata ugonjwa. Naweka tu nafasi.

FUNDI: Mizani, kwa nini usikule kidogo tu, useme umeshiba?

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini hajajaribu kuruka.

MIZANI: Jumapili tulitoka kanisani, tukapitia kwa shemeji, dada ya bibi yangu Edah. Akaleta chai na viazi vitamu. Nikasema, shemeji, leo nimeshiba. Mpaka sasa hanisalimii! Amemwambia Edah ati mimi nadhani alitia kitu kwa chai.

WAKILI: Na huyo ni shemeji wa miaka mingi.

MIZANI: Sasa mkwe ambaye hata hajawa mkwe?

Na kweli, wale watu wa Malakisi ni wakulima wa pamba wenye uwezo, tena watu wa kanisa wasiogusa pombe, na mtu asiyekupa pombe hukuonyesha heshima kwa sukari. Chai ya mahari huko kwetu inakolezwa mpaka midomo inagandana. Kisha unakuja ugali, unakuja wali kwa sababu ni siku kubwa, anakuja kuku, na firigisi anawekewa baba wa kijana mkononi huku nyumba nzima ikimtazama. Akila, amempokea msichana. Akiacha, wanawake wa jikoni watasema amemkataa, na itabidi mtu afunge safari nyingine kwenda kueleza lisiloelezeka.

FUNDI: Mwambie baba ya msichana ukweli. Mwite kando tu.

MIZANI: Nimwambie nini? Niende kwa watu kuomba binti yao nikisema nyumba yetu iko na ugonjwa? Atauliza kama Jairus anao. Mimi nitajibu nini? Hata mimi sijui.

Wakili akaingiza mkono kwenye kopo.

WAKILI: Lakini tusimame hapo kidogo. Daktari amesema sukari. Sukari ni ile ya dukani. Mmeona mtu ameweka ugali kwa chai?

BAMA: Mahindi mabichi si ni tamu?

WAKILI: Ni tamu.

BAMA: Basi iko sukari ndani.

WAKILI: Kama mahindi ni sukari, kuku anakula nini?

BAMA: Mahindi.

WAKILI: Basi kuku ni sukari. Na ng'ombe wa Mizani, msimu ukiisha, wanapewa nini?

BAMA: Mabua ya mahindi.

WAKILI: Basi ng'ombe ni sukari! Sasa ndio mnaona. Wale ng'ombe tumepeleka mbele na mchungaji, wote ni sukari. Mahari yenyewe ni sukari! Dresa hakukosea. Alisema usikule mahari, na alijua kwa nini!

Alisimama aliposema hivyo, akakaa tena. Nakiri kwamba kwa muda mfupi nilimwamini.

MIZANI: Kwani mimi nakula mahari? Mimi ndiye nalipa!

BAMA: Achana na huyo. Kidonda iko wapi?

MIZANI: Kwa kidole ya mguu.

BAMA: Kwa nini sio kwa kichwa? Ni kwa sababu sukari ni nzito, inashuka. Mtu anakula akiwa amekaa, inateremka mpaka chini kabisa, inakaa huko. Kule Bama wagonjwa walilazwa miguu juu. Mizani akule akiwa amelala, miguu kwa ukuta.

FUNDI: Mbele ya wakwe?

BAMA: Waambie ni mambo ya jeshi.

WAKILI: Hapana. Mimi niko na njia safi. Mizani avue koti, mimi nivae. Nikae mahali pake, nipokee firigisi, nikule kila kitu. Wakwe wamemuona Mizani mara moja tu, na ilikuwa jioni.

FUNDI: Hilo koti nimelishona mimi, Wakili. Wewe ukilivaa mikono inafika magotini.

WAKILI: Mtu akikula hakuna mtu anaangalia mikono ya koti.

BAMA: Na akiulizwa habari za Jairus?

WAKILI: Nitasema ni kijana mzuri. Si ni mzuri?

Tukacheka sasa, hata mimi, nikasimamisha cherehani. Mizani hakucheka. Alikuwa ameinama akiangalia ile ndara yake, na aliposema alisema polepole, bila hasira, kama anavyosoma uzito wa gunia.

MIZANI: Nyinyi mnacheka na mimi siwakatazi. Lakini mimi nataka vitu viwili tu. Nataka Jairus aoe huyo msichana, kwa sababu amempenda na ni msichana wa maana. Na siku ya harusi nataka kusimama kwa miguu yangu, nisiletwe na kiti. Sasa mniambie nitashika gani niache gani.

BAMA: Utakula kidogo kidogo tu, bana.

WAKILI: Na Mungu ataangalia.

MIZANI: Kidogo ni ngapi? Mkwe akisema ongeza, nitasema nini?

Ndipo aliposema yule mama mteja wangu. Nilikuwa nimemsahau. Wacera jina lake, alinitajia alipoingia, mgeni kabisa kwetu, ameshuka na lori kutoka Saboti na gauni lililofumuka pindo, akakaa kwenye kigoda changu ndani ya mlango kungoja nimalize. Alikuwa amesikia yote, kwa sababu Wakili hasemi jambo akasikiwa na wachache.

WACERA: Samahani, wazee. Huko mtakula kila mtu sahani yake?

FUNDI: Hapana, mama. Sisi wanne tunawekewa sinia moja. Tumeenda pamoja, tunakula pamoja.

WACERA: Na chai?

FUNDI: Chai kila mtu kikombe chake, lakini inatoka birika moja, sukari ikiwa ndani tayari.

WACERA: Mkisema mapema nyinyi hamnywi na sukari, watapika na sukari?

WAKILI: Mmoja akisema hivyo, mama, ataulizwa iko nini.

WACERA: Mmoja, ndiyo. Nasema nyinyi wote. Wanne mkikataa sukari, mwenyeji atasema hivyo ndivyo watu wa Kitale wanakunywa. Wanne mkienda polepole kwa ugali, hakuna mtu atajua ni mkono wa nani umechoka. Mzee apokee firigisi yake, aimeze, watu wapige vigelegele, iishe.

Jambo lilikuwa rahisi kiasi kwamba nilianza kulitafutia kosa, nisilione. Mizani alikuwa ameinua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu afike niliona uso wake umetulia, na nilifurahi kwa ajili yake.

MIZANI: Mama, hiyo inaweza.

WACERA: Basi ni nani kati yao atafanya hivyo na wewe?

Aliuliza bila ubaya wowote. Aliuliza kama anavyouliza mtu anayetaka kujua lori linaondoka saa ngapi.

Bama akatazama viatu vyake vya jeshi. Alikuwa ameshapanga njaa ya kesho nzima kwa ajili ya sinia lile. Mimi nilikanyaga cherehani, ikaenda kasi juu ya gauni la mama yule, na ilinichukua muda kugundua kwamba sindano haina uzi. Kiunoni nilikisikia kile kifungo nilichokisogeza, ingawa suruali yenyewe ilikuwa imening'inia ukutani. Niliona aibu, na bado sikusema kitu, kwa sababu nilikuwa nauona wali.

Tukamgeukia Wakili, sisi sote, maana hajawahi kukosa la kusema. Alikuwa na kipande cha sukari guru shavuni, kile cha Mizani. Shavu lilikuwa limevimba. Hakukitafuna wala hakukitema.

Mizani akamtazama yeye, akamtazama Bama, akanitazama mimi. Akaweka kikombe chake cha kahawa chungu juu ya goti, akatungoja.