Mzee Anapigwa Rangi

Muuguzi alipanda basi la asubuhi na usingizi wa zamu nzima. Lakini macho hayana pazia, na masikio ndiyo kabisa.

Kiti cha mbele yake, mwanamume mwenye kofia alikuwa akimsimulia mama mmoja aliyepakata kikapu. "Mzee wetu alilala nyuma ya nyumba miaka minane, dada. Majani yakamfika kiunoni. Ndugu zangu walishamkatia tamaa."

Mama akashusha pumzi. "Mzee wangu naye, mwaka wa tatu huu yuko kitandani. Hata kugeuka hageuki."

"Usimtupe! Fundi wangu alimfungua kifua, akamsugua kutu, akamtia mafuta mapya. Sasa ukimgusa tu anaunguruma. Kila siku ananipeleka kazini."

Muuguzi akakodoa macho. Miaka kumi na miwili wodini, hajawahi kupokea mgonjwa wa kutu.

"Mbona leo hukuja naye?" mama akauliza.

"Leo anapigwa rangi."

Rangi! Ndipo muuguzi alipong'amua kwamba hawa wawili wana wazee tofauti, na mmoja ana magurudumu. Akafungua mdomo. Lakini mama alikuwa ameshatajiwa namba ya fundi na kuiandika kiganjani, uso umemng'aa kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake ameomba uji. Muuguzi atauzimaje uso ule?

"Kesho tunamleta," mama akasema, "na godoro lake."

"Godoro la nini, dada? Mfungeni kamba, mumvute."

Mama akasita. "Tumfunge wapi?" akauliza, na basi likasimama.