Gahongayire na Safu ya Dini

"Gahongayire ameharibu daftari la wagonjwa." Ndivyo alivyoandika katibu wa kamati ya zahanati, Bwana Nduwayo, katika barua aliyoibandika ubaoni. Si kweli, nami niliyefanya kazi naye namjibu papa hapa, kwenye ukurasa huu wa kumuaga.

Bibi Gahongayire anastaafu tarehe 31 Desemba 1994, baada ya kuandikisha wagonjwa wa zahanati yetu ya Muhima kwa miaka ishirini na tisa. Jina, umri, mtaa, dini. Dini iliulizwa ili mgonjwa akizidiwa tujue tumwitie nani. Mwaka 1978 alikosea mstari, padri akapelekwa kwa fundi cherehani Mwislamu. Wakabishana juu ya mpira hadi chai ikapoa, na fundi akapona.

Mwezi wa Aprili mwaka huu, mauaji yalipoanza nchini, Gahongayire, Mkatoliki tangu utotoni, alikimbilia kanisani. Aliwaona waumini wenzake wakiuawa humo humo. Alipotoroka, aliyemficha ni Swafiya, mshonaji Mwislamu wa mtaa wa Nyakabanda, nyuma ya marobota ya vitambaa. Walikuwa hawajawahi hata kunywa chai pamoja.

Agosti alirudi mezani, akauliza dini kama kawaida. Niyonzima, mwashi, akamjibu: "Ile ya zamani ama ya sasa, mama?" Mukankusi akasema: "Mimi? Andika Shakira. Ni yeye alinificha." Mwingine alicheka, akalia, akaondoka bila dawa. Gahongayire aliandika alichoambiwa, na asiyejibu akamwachia nafasi tupu. Kurasa arobaini ziko hivyo.

Novemba alipougua malaria, nilimwandikisha mimi. Nikauliza dini. Alinitazama kama niliyemwuliza njia ya mji asioujua. Rozari anayo mkobani, lakini kengele ya misa ikilia huufunga mkoba. Ijumaa hukaa barazani kwa Swafiya, wala haswali. "Na wewe je, muzee?" akaniuliza. Mimi ninayebishana na kila mtu nikaiacha safu yake tupu. Mpaka leo sijaijaza.

Asante, Mama Gahongayire, kwa miaka yote hiyo. Upumzike vizuri, ule vizuri, na asikuulize mtu swali usilolitaka.

Sasa ninyi wanne wa kamati, na wewe Nduwayo wa kwanza. Mmelichukua daftari ili mlinakili upya, mjaze Mkatoliki hapa, Mwislamu pale, kwa kubahatisha. Kama mnaijua dini ya Mukankusi kuliko anavyoijua mwenyewe, nendeni mkamwambie usoni. Kama hamuijui, lirudisheni daftari mezani leo, kama lilivyo, mama huyu angali hapa.