Mama Mkwe Kwenye Chumba cha Kompyuta

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za safari. Naona walimu wa Misungwi mmekaa karibu na mlango, chai ikija muwe wa kwanza. Haya, nisikilizeni kabla haijafika.

Nafundisha jiografia pale Igogo. Shule ilipopata kompyuta nikajiona nimefika. Nikawapa kidato cha pili kazi ya kutafiti mtandaoni: "Eleza uvuvi wa Ziwa Viktoria." Ndugu zangu, nawaambia, darasa zima likaniletea jibu moja! Mmoja alinakili mpaka "bofya hapa kusoma zaidi." Mkuu wa shule akasoma, kisha akasema, "Mwalimu, jaribu mara moja tu. Ikiwa hivi tena, chumba hiki naweka mahindi ya uji."

Nilirudi nyumbani nikasimulia yote. Mke wangu akacheka mpaka akakaa chini. "Unauliza kinachojulikana, wafanye nini kama si kunakili? Waulize dagaa anaowaanika mama yangu wataachaje kuoza masika."

Mama mkwe! Wasukuma wenzangu mnajua, mama mkwe hasogelewi ovyo. Lakini ningefanyaje? Nikagawa makundi: tafuteni njia ya kukausha dagaa wakati wa mvua, chagueni moja, mje kuitetea mbele ya mwenye dagaa. Siku ilipofika, mama akakaa mbele, mkuu pembeni yake. Mimi nikasimamia kipindi kutoka nje, dirishani, kwa adabu zote.

Kundi la kwanza likaleta mashine ya umeme.

"Nani kasema?" mama akauliza.

"Mtandao, bibi."

"Huyo mtandao anaanika dagaa wapi? Na umeme atanilipia?"

Kundi la pili likasimama: "Bibi, ile imeandikwa na muuza mashine, ndiyo maana anaisifia. Hii ya vichanja vya nyavu na turubai juu imeandikwa na waanikaji wa ziwa hilihili." Mama akawabana kwa maswali, kengele ya uji ikalia, hakuna aliyetoka. Jamani, machozi yalinilenga. Watoto walewale wa bofya hapa!

Mkuu akanifuata dirishani, akasema mahindi yatatafutiwa pengine.

Namshukuru mkuu kwa kunivumilia, mke wangu kwa kunicheka, na mama kwa kuja. Ukitunga kazi ya mtandaoni, mtafute kwanza mwenye shida, umkalishe mbele ya watoto. Ila jiandae. Dagaa wa mama sasa wanakauka vizuri, na kila Jumamosi ananiletea swali jipya kupitia mke wangu. Wiki hii anataka kujua kwa nini kuku wake hawatagi. Kidato cha pili wanatafuta, Ijumaa anakuja kuwasikiliza, nami nimeshaomba kiti cha pale dirishani.